Damu Mbili na Kitanda Kimoja

Komora mwanangu,

Baba yako amekwenda stendi kuhakikisha kiti chako cha basi la kesho, nawe uko uwanjani na wenzako, na nyumba imetulia. Nimeketi barazani na kalamu. Habari za chandarua, soksi na dawa ya meno umeshazisikia hadi masikio yamechoka, kwa hiyo sitazirudia. Nataka kukueleza jambo ambalo ulilisikia vipande vipande tu, kwa sababu unakwenda Eldoret kusomea udaktari, na siku si nyingi karatasi za maabara zitaanza kufika mkononi mwako zikiwa na majina ya watu juu yake.

Unakumbuka ile korona iliyokuja kwa kishindo wewe ukiwa ndio kwanza umeingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ulipigiwa simu ukaambiwa nyanya yako ameugua, umwombee dua. Hukuambiwa zaidi. Hukuambiwa kwamba katika siku zile baba yako na ami yako walikuwa hawasemeshani, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa chanzo.

Nianzie nyuma kidogo ya hapo.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya maabara hospitalini miaka mingi, na nilikuwa na kiburi kimoja. Nilijiona najua kumsoma mgonjwa usoni. Kila niliyekwenda kumtoa damu wodini, kabla sijafunga ule mpira mkononi, nilikuwa nimeshajiambia kimoyomoyo huyu atatoka, huyu hatoki. Kwa malaria na kwa upungufu wa damu nilikuwa napatia sana, na wauguzi walikuwa wakinitania kwamba mashine zangu sizihitaji. Nami nilifurahi kuambiwa hivyo.

Korona ikaniumbua. Alikuja mwenye duka la nguo wa hapa Garsen, mtu mcheshi, akakaa kitandani akinihadithia habari za wateja wake huku namchoma sindano. Nilipotoka nilimkuta mkewe nje ya uzio, amesimama na chupa ya chai. Nikamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, mumeo ni mzima, anacheka." Alikwenda akiamini neno langu. Mumewe hakuiona kesho yake. Nilipoambiwa nilirudi kwenye mashine nikayatafuta majibu yake, na mwanangu, yalikuwa yanasema. Tulikuwa tumeangalia wingi wa damu na malaria, basi. Sehemu nyingine ya karatasi hakuna aliyeisoma, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ilikuwa na neno la kutuambia.

Aliyetufundisha kuisoma ni Daktari Naliaka. Unamfahamu, yule dada wa kutoka Bungoma aliyekuja kwetu akiwa bado kijana, akadumu hapa kwenye joto na mbu wa delta ya mto bila kulalamika. Baada ya kifo cha yule mwenye duka alikuja maabara, akavuta kiti.

"Mama Komora," alisema, "nimekuwa nikisoma yanayoandikwa na hospitali za nchi nyingine. Wanasema hii hemogramu, hesabu ya chembe za damu tunayopima kila siku, inaweza kutuambia nani atazidiwa kabla hajazidiwa. Hatuna vipimo vyote walivyonavyo. Lakini hiki tunacho."

Akanieleza, nami nakueleza wewe kwa lugha ya nyumbani, ya darasani utaipata huko. Katika damu kuna chembe nyeupe za aina nyingi. Tulizozitazama sisi ni mbili. Kuna neutrofili, ambazo hujaa mwili ukishikwa na moto wa ndani. Na kuna limfosaiti, ambazo kazi yake kubwa ni kupambana na virusi. Korona ikianza kumlemea mtu, za kwanza hupanda na za pili huteremka. Unagawanya zile kwa hizi, unapata namba moja. Namba hiyo ikiwa inapanda kila ukipima, mgonjwa anaelekea pabaya hata kama anakuhadithia habari za dukani. Ikiwa inashuka, mwili umeanza kushinda. Na tulikuwa na kipimo kingine kinaitwa CRP, kinachoonyesha ule moto wa ndani umekolea kiasi gani. Cha kuangalia damu kuganda hatukuwa nacho.

Basi tukakubaliana kila mgonjwa wa korona apimwe siku anayoingia, kisha apimwe tena na tena, tuone namba inakwenda wapi. Kazi ilikuwa kubwa. Tulikuwa wawili tu maabara, mimi na Kadzo. Tulivaa yale mavazi ya plastiki mpaka jasho likawa linamwagika ndani ya buti. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, niliona wodi ile ina mlango wa kutokea. Tulikuwa tunajua nani akimbiziwe oksijeni mapema, nani ageuzwe alale kifudifudi, nani aangaliwe usiku kucha. Watu wakaanza kurudi nyumbani kwao.

Ndipo akaletwa nyanya yako.

Walimtoa kijijini kwake Ozi kwa mashua, kisha kwa gari, baada ya kukaa naye nyumbani siku nyingi wakidhani ni homa ya mvua. Nilipomwona akishushwa sikumtambua. Mavyaa yangu, mwanamke aliyenipokea mimi Mswahili wa Kipini nisiyejua hata kushika jembe la mpunga, akanifundisha bila kunicheka mbele za watu, alikuwa amekauka kama ukuni. Anahema juu juu, hasemi, macho yamemrudi nyuma. Nikafanya kile nilichokuwa nimejikataza. Nikamtazama usoni, nikasema moyoni, huyu hatoki.

Katika wodi ileile, kitanda cha dirishani, alikuwako Guyo. Wewe unamjua Guyo wa leo. Wakati ule nilimjua kwa kumwona tu sokoni siku za mnada, Mworma mrefu mwenye kofia nyeupe, mnunuzi wa ng'ombe. Aliingia akitembea kwa miguu yake. Alikuwa na kikohozi na homa, kile kifaa cha kubana kidoleni kilionyesha pumzi yake imepungua kidogo tu, na alikuwa akipigia watu simu kutwa kuuliza bei.

Damu yake ya kwanza haikunipendeza. Ya pili ilinitisha. Limfosaiti zilikuwa zimeporomoka karibu ziishe, neutrofili zimejaa, na CRP imeruka juu. Nikampelekea Daktari Naliaka, akaiangalia, akasema, "Huyu anahitaji kuwa mahali penye mashine za kupumua kabla hajazihitaji." Akaanza kupiga simu. Hospitali kubwa zote za pwani zilikuwa zimejaa. Mwisho wake moja upande wa Malindi ikasema kuna kitanda kimoja, na kitasubiri mpaka jioni tu. Ambulensi nayo ilikuwa moja.

Habari ya kitanda haikuchukua muda kufika nje ya uzio, walikokuwa wamekaa jamaa za wagonjwa. Ami yako Bwanaheri akanipigia simu papo hapo.

"Shemeji, nasikia Malindi kuna nafasi. Mama aende leo."

"Bado daktari hajaamua," nikamwambia.

"Wewe uko ndani. Una sauti. Hatuna mtu mwingine humo ila wewe."

Ni kweli, nilikuwa na sauti. Daktari mwenyewe aliniambia, "Majibu ya mama mkwe wako ya kwanza ni mabaya kama ya Guyo, na umri wake ni mkubwa. Ya leo yakiwa mabaya zaidi, nitakuwa na kazi ngumu ya kuchagua. Nipimie haraka."

Mwanangu, dawa za mashine ya kuhesabia zilikuwa zimeishia kwenye damu ya Guyo. Nyingine zilikuwa njiani kutoka Mombasa. Ikabidi damu ya nyanya yako niihesabu kwa macho. Unapaka tone kwenye kioo, unalitia rangi, unaliweka chini ya hadubini, unahesabu chembe moja moja. Nikahesabu. Limfosaiti zilikuwa zimepanda, tena vizuri. Nikashangaa, nikahesabu upya, zikatoka nyingi zaidi kuliko mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipojiogopa. Je, naziona kwa sababu zipo, au naziona kwa sababu nataka nyanya yako awe mzima? Au kuna sehemu ndani yangu inataka yule Guyo aende, nipate kusema nilikuwa mwadilifu? Sikujua. Jicho langu halikuwa shahidi tena.

Nikachukua kioo chake, nikapaka na cha Guyo, na vya wagonjwa wengine wawili. Nikafunika majina yote kwa plasta. Nikamwita Kadzo.

"Nihesabie hivi," nikamwambia, "usiniulize ni vya nani."

Kadzo ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile hakuuliza. Alikaa akahesabu vyote vinne, mimi nimesimama dirishani nimempa mgongo, natazama mbuzi wanaopita barabarani. Alipomaliza akasema, "Huyu wa kwanza anarudi kwetu. Huyu wa tatu, Mungu amsaidie, sijaona limfosaiti chache hivi." Nikabandua plasta. Wa kwanza alikuwa nyanya yako. Wa tatu alikuwa Guyo. Na CRP ya nyanya yako, ambayo hupimwa kwa kijimashine kingine, ilikuwa imeshuka.

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kutoka kwangu uende nacho huko, chukua hicho. Ukishagundua kwamba unalipenda jibu kabla hujalipata, funika jina, halafu umwite mwingine.

Daktari Naliaka aliyasoma majibu yote. Kisha akaenda wodini akamsikiliza nyanya yako kifua kwa muda mrefu, akarudi akasema kwamba kwa maoni yake ule ugonjwa umeshamaliza nguvu zake kwa yule mama, kilichobaki ni maji, oksijeni na subira, na vyote hivyo tunavyo hapa. "Anayekwenda Malindi ni Guyo," alisema. "Lakini yule ni mama mkwe wako. Kama kuna neno, liseme sasa."

Nikasema sina neno. Nikaenda nyuma ya maabara, nikampigia baba yako.

Hili hajakuambia, kwa sababu baba yako hasemi mambo yanayomsifu. Nilimweleza yote.

"Damu inasema mama atapona?" akauliza.

"Inasema ameanza kupona. Haijaniapia."

"Na huyo mwingine?"

"Akibaki hapa, atazidiwa, na hatutakuwa na cha kumpa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Basi mpelekeni," akasema. "Bwanaheri niachie mimi."

Nawe unajua, Komora, maneno yaliyokuwa yakipita delta hii kati ya watu wa shamba na watu wa ng'ombe. Unajua watu waliozikwa. Kwa hiyo Bwanaheri aliposimama nje ya uzio akasema mbele ya jamaa zote kwamba nimemwacha mama yao nikampa nafasi mfugaji, halikuwa neno dogo. Wako waliotikisa kichwa kumwunga mkono. Baba yako alikwenda akasimama karibu naye akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi niliisikia nikiwa upande wa ndani wa uzio, "Mke wangu hakumwacha mama. Yuko ndani naye. Sisi ndio tuko nje." Tangu hapo wakaacha kusemeshana.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Guyo akakataa kwenda.

"Mimi mzima, daktari," alisema, ameketi kitandani na simu yake. "Mgonjwa ni yule mama pale. Mimi nimemsikia usiku. Gari apewe yeye."

Daktari akamweleza kuhusu chembe nyeupe, Guyo akatikisa kichwa kwa adabu. Hakuwa mbishi. Alikuwa na aibu ya kupanda gari la wagonjwa akiwa anatembea, huku mwanamke mzee amelala anahema. Nikaomba niseme naye.

"Bwana Guyo," nikamwambia, "ukienda kununua ng'ombe, unatazama nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mambo mengi."

"Ng'ombe amenenepa, ngozi inang'aa, anakula. Unatoa pesa?"

"Hapana. Nafungua kope. Nafungua mdomo, naona ufizi. Iko ng'ombe nje mzuri sana, ndani amekwisha. Ukimfikisha nyumbani anaanguka."

"Sasa mimi nimekufungua kope," nikasema. "Jana na leo. Yule mama kwa nje ni mbaya, ndani anapona. Wewe kwa nje ni mzuri."

Sikumalizia. Alitazama kitanda cha nyanya yako, akanitazama mimi. "Wewe umeona yake pia?"

"Nimeona. Ni mama wa mume wangu."

Kisha akazima simu, akavaa kofia yake, akatembea mwenyewe mpaka kwenye ambulensi. Alipopita kwenye kitanda cha nyanya yako alisimama, akamwombea kwa Kiorma. Jua lilikuwa bado juu walipoondoka.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa Malindi alimpigia Daktari Naliaka, naye akaja mbio maabara, buti zikimpwaya, akaweka simu wazi ili nisikie. Guyo alikuwa amezidiwa muda mfupi baada ya kufika. Walimweka kwenye mashine palepale. "Angekuwa bado kwenu," yule muuguzi alisema, "mngemkosa." Kadzo alikaa chini kwenye sakafu na mavazi yake yote ya plastiki. Mimi nilikwenda wodini.

Nyanya yako alikuwa amefumbua macho. Aliniangalia kupitia ile miwani yangu ya plastiki iliyojaa mvuke, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwanajuma, huku ndani chai hakuna?"

Sijawahi kusikia swali tamu kama lile. Nililia ndani ya barakoa mpaka nikashindwa kuona njia. Nilikwenda dirishani nikawapungia mkono walioko nje, na baba yako alipoona tu jinsi ninavyopunga alielewa. Bwanaheri alipiga magoti kwenye mchanga. Baadaye alipatana na baba yako, akaja kuniomba msamaha, nikamwambia hana la kuombea, alikuwa anampigania mama yake, na mtu asiyempigania mama yake nitamwogopa zaidi.

Sitaki uondoke hapa ukidhani namba zile ni ramli. Alikuwako mwalimu mmoja, damu yake ikisema atapona, naye akaenda mbele ya haki. Alikuwako bibi wa Kinakomba ambaye kwa karatasi zetu alikuwa amekwisha, na mwaka jana alinipita kwenye barabara ya Hola amepakiwa pikipiki, ameshika jogoo. Namba inakuambia wapi ukimbilie kwanza. Ukishafika, ni mikono yako, na ya wenzako, na mengine si yetu. Usimwambie mtu kwamba karatasi imesema atakufa. Mwambie umeona nini, na unakwenda kufanya nini.

Wimbi lile lilipotulia tulikuwa tumeruhusu watu wengi kurudi makwao kuliko tulivyothubutu kuomba. Wa mwisho alipotoka wodini, wauguzi walipiga vigelegele hadi walinzi wa getini wakaja kuangalia kuna harusi gani. Daktari Naliaka alicheza, na hajui kucheza. Mpango wetu wa kupima na kupima tena ukaenea hospitali nyingine za huku, na mpaka leo mgonjwa wa kifua akiingia kwetu, damu yake husomwa karatasi nzima.

Kisha Guyo akarudi. Alikuwa amekonda, anatembea na fimbo, pumzi inamkatika akipanda hata kichuguu. Kabla hajaenda sokoni kuona ng'ombe wake, alimwomba mtu ampeleke Ozi. Nilikuwako siku hiyo. Nyanya yako alikuwa uani anapepeta mchele, tayari ameshamgombeza kila mtu pale nyumbani. Guyo akamsalimia kwa heshima, akakaa kwenye mkeka.

"Wewe ndiye uliyetaka kunipa gari," nyanya yako akamwambia.

"Ndiye, mama."

"Ungekufa."

"Ningekufa."

Nyanya yako aliendelea kupepeta kidogo, makapi yakipeperuka kwenye jua. Kisha akaweka ungo chini.

"Kula kwanza," akamwambia. "Mengine tutazungumza ukishiba."

Wakala wali na samaki kwenye sinia moja, Bwanaheri naye akaja akanawa mikono, akaketi upande wa Guyo. Niliwatazama nikajua kwamba kile tulichokifanya kwenye chumba kidogo chenye hadubini na jasho kilikuwa kimefika mbali kuliko wodi.

Mwanangu, mimi sikwenda chuo kikuu, na nilipokuwa na umri wako sikujua kwamba mtu kutoka kwetu anaweza kwenda kusomea kile unachokwenda kukisomea. Kesho unakwenda. Watakufundisha vizuri kuliko nilivyojaribu hapa. Kuna siku utaletewa karatasi ukiwa umechoka, unataka kuitazama mstari mmoja uitupe pembeni. Isome yote. Kisha inuka, nenda kitandani, ukamtazame mwenye damu hiyo, umwite kwa jina lake.

Nakusikia unaingia getini na wenzako, mnabishana nani kafunga bao. Naweka kalamu chini niwape maji.

Mama yako,
Mwanajuma